Mashine ya Disketi Iliyomnyamazisha Mume Wangu

Duka la Tatami la Torigoe,
Sakai, Osaka.
Juni 14, mwaka wa 59 wa Showa (1984).

Mhariri,
Jarida la Kompyuta Sebuleni,
Tokyo.

Ndugu Mhariri,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA MAKALA YA KUCHAGUA KIENDESHI CHA DISKETI, NA LA KUTENGENEZWA KIENDESHI KISICHO NA HARAKA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mvua za huko Tokyo hazijaotesha ukungu kwenye viatu vyako kama zilivyootesha kwenye vyangu. Mimi ni mke wa fundi wa mikeka ya tatami. Sina elimu ya umeme. Ninachojua kuhusu kompyuta ni kuipangusa vumbi, na hata hilo nimekatazwa tangu Aprili. Lakini jarida lako huingia nyumbani kwangu kila mwezi na kusomwa mezani mbele ya supu yangu ikipoa, kwa hiyo naona nina haki ya kulijibu.

Katika toleo la Machi mlichapa makala ya kurasa kumi na mbili yenye kichwa "Kuchagua Kiendeshi cha Disketi Bila Kujuta." Kiendeshi ndilo neno lenu. Mimi nitasema mashine ya disketi, kwa sababu hapa kwetu haijaendesha kitu chochote isipokuwa mume wangu.

Ili uelewe uzito wa shauri hili, lazima kwanza nikueleze Tatsuzo, mume wangu, ni mtu wa namna gani. Tumeoana miaka ishirini na nane. Ni mtu mwema, hanywi kupita kiasi, na sindano yake hupita kwenye mkeka mgumu kama inapita kwenye tofu, ile jibini laini ya soya. Lakini hasemi. Asubuhi husema, "Chai." Jioni husema, "Chakula," kisha, "Kuoga," kisha, "Kulala." Siku za sikukuu huongeza "Baridi" au "Joto," kulingana na majira. Binti yetu Sanae alipokuwa darasa la pili walipewa insha ya kuandika mambo yote ambayo baba zao husema nyumbani. Mwalimu akamrudishia daftari akimwambia akamalizie. Alikuwa amemaliza.

Mwaka juzi mume wa Sanae, anayekaa naye Nagoya, alinunua kompyuta kubwa, na ile ndogo akamletea baba mkwe wake. Nilidhani Tatsuzo ataigeuza kibao cha kuwekea kikombe. Kumbe alikuwa na jambo lake. Wewe unaishi Tokyo, lakini nadhani hata huko unajua kwamba hakuna chumba hapa duniani chenye pembe nne zilizonyooka, na kwamba kila mkeka hukatwa kwa ajili ya mahali pake tu. Vipimo vya vyumba vyote vya wateja wetu, vyumba mia nne ishirini na tatu, marehemu baba mkwe wangu aliviandika kwenye madaftari ambayo sasa yanaliwa na wadudu. Tatsuzo akaanza kuviingiza kwenye kompyuta, chumba baada ya chumba, kila jioni akishatoka kuoga. Akavihifadhi kwenye kaseti, hizi hizi za nyimbo, kwa kutumia redio kaseti yangu ya jikoni.

Sasa sikiliza vizuri, Ndugu Mhariri, maana hapa ndipo penye kiini cha barua hii. Kaseti ikitaka kuirudishia kompyuta vipimo vyake, huchukua dakika kumi na nane. Hulia kriiiii kama nyenje kwenye jua la Agosti. Na mtu hawezi kuondoka, kwa sababu sauti ikipanda au ikishuka kidogo, kazi nzima inakufa na lazima aanze upya. Hawezi kushona, kwa sababu ya vumbi. Hawezi kusoma gazeti, kwa sababu macho yako kwenye kioo. Anakaa tu, kidole juu ya kitufe cha sauti, na mimi nakaa pembeni nachambua maharage.

Jioni ya tatu ya kaseti, mume wangu alifungua mdomo.

"Mkono wako," alisema.

"Una nini?"

"Pale ulipoungua. Umepona?"

"Baba Sanae, niliungua mwezi uliopita."

"Najua. Nilikuwa nataka kuuliza."

Nilimwaga maharage yote chini.

Tangu siku hiyo tulizungumza kila jioni dakika kumi na nane. Katika mwezi wa nne wa kaseti, alinieleza kwamba kabla ya kuja kuniposa alipita mbele ya duka la vitana la baba yangu siku saba mfululizo, na siku ya nane ndipo akapata moyo wa kuingia, akanunua kitana kwa sababu hakujua la kusema.

"Na ulikuwa umenyoa kipara wakati huo," nilimkumbusha.

"Kumbe ndicho ulichocheka?"

"Ulidhani nacheka nini?"

"Uso," alisema, akageukia kompyuta yake.

Miaka ishirini na nane, Ndugu Mhariri, mtu huyu alikuwa akilala pembeni yangu akidhani nilimcheka uso wake! Bila kaseti angekufa nalo. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sasa naorodhesha yaliyonipata, kwa mpangilio, ili msiseme kwamba wanawake wa Osaka tunapiga kelele bila hoja.

1. Makala yenu, ukurasa wa pili, inasema kwamba kuingiza kazi kwa kaseti "ni kupoteza wakati." Naomba kuuliza: wakati wa nani? Mwandishi wenu aliwahi kuja hapa akaona wakati wangu ukipotea? Mimi wakati wangu ulikuwa umepotea muda mrefu kabla, na ulipatikana ndani ya kaseti.

2. Nakiri, kwa kuwa barua hii ni ya kweli, kwamba balaa lilianzia mkononi mwangu. Februari redioni palikuwa na kipindi cha kutia biringanya chumvi, na mimi nilikuwa na haraka. Nilichukua kaseti iliyokuwa karibu, nikaichomeka, nikanasa kipindi. Juu yake palikuwa pameandikwa "Vyumba, 3." Nilidhani ni jina la wimbo.

Jioni yake Tatsuzo alitia kaseti hiyo, ikalia kriiiii kidogo, ikanyamaza, kisha mwanamke wa redioni akasema waziwazi, "Sasa, akina mama, chukueni biringanya kumi zisizo na makovu." Mume wangu alinitazama. Hakusema neno. Ningependelea angesema.

Daftari la vyumba hivyo lilikuwa limeshakuwa unga. Vingi alikwenda kuvipima upya, anatambaa kwa magoti nyumba hadi nyumba. Lakini chumba kimoja, cha kunywea chai katika hekalu moja la Kishiwada, alisema anacho kichwani, maana alikipima akiwa na baba yake kabla hajaota ndevu. Akashona mikeka minne na nusu, tukaipeleka kwa gari. Tulipoitandika, ukutani pakabaki mwanya ambao panya angepita huku amefungua mwavuli. Mheshimiwa Jikai, mtawa mkuu wa pale, ni mzee mpole sana. Aliutazama mwanya kwa muda, kisha akauliza, "Fundi Torigoe, mikeka imekonda au chumba kimenenepa?"

Alikuwa anatania ili kumpunguzia mume wangu aibu. Tatsuzo alipiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni, akakaa hivyo mpaka mtawa mwenyewe akaja kumwinua. Alikuwa hajawahi kurudishiwa mkeka tangu aanze kazi. Jioni hakutia kaseti. Alikuwa anasoma jarida lako, toleo la Machi, kurasa kumi na mbili.

3. Kuchagua kwenyewe. Jumapili iliyofuata tulikwenda Nipponbashi, mtaa wa maduka ya umeme, na nilimfuata kwa nia mbaya, nakiri hilo pia. Tulipokewa na muuzaji mmoja wa makamo, Bwana Minobe, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Mume wangu alikuwa ameshika makala yenu kama mtu aliyeshika cheti cha daktari.

"Mnataka ya disketi kubwa, ya kati, au hizi mpya ndogo zenye gamba gumu?" aliuliza Bwana Minobe.

"Ya kati," alisema Tatsuzo.

"Isomayo upande mmoja au pande mbili?"

"Mbili."

"Yenye mlango mmoja au milango miwili?"

Hapo Tatsuzo akaanza kupekua kurasa zenu, na mimi nikapata nafasi.

"Bwana Minobe," nikasema, "katika hizi zote, ipi inachelewa zaidi?"

"Samahani, Mama?"

"Ipi ni goigoi kuliko wenzake? Nataka iliyozaliwa mvivu."

"Mama, nimeuza hapa tangu duka lifunguliwe, sijawahi kuulizwa hivyo."

"Basi leo umepata mteja mpya. Uliza na ndani."

Mtu yule ana adabu. Alikwenda kweli kuuliza, akarudi akasema iliyo goigoi kuliko zote ni moja iliyoharibika, na hiyo hawaruhusiwi kuiuza. Nikamwuliza kama mashine hizi zinaogopa vumbi. Akasema zinaogopa sana: vumbi, chai, moshi wa sigara na sumaku, ila vumbi hasa.

"Sisi tunatengeneza tatami," nikamwambia.

Bwana Minobe aliyatazama mabega ya mume wangu, yaliyojaa vipande vya nyasi kama kawaida, akairudisha nyuma taratibu ile mashine iliyokuwa juu ya meza. Nikajua nimeshinda. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria tutakula tambi za udoni mkahawa gani.

Ndipo Tatsuzo akasema, na hii ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele za watu: "Nitaifunika. Vyumba mia nne ishirini na tatu. Baba alivipima kwa magoti yake. Kimoja nimekipoteza. Sitapoteza cha pili."

Ungekuwa wewe, na biringanya zako kumi kichwani, ungesema nini?

Lakini siku hiyo hatukununua, kwa sababu ilitokea kwamba mashine huuzwa peke yake, kadi ya kuifanya isikilizane na kompyuta huuzwa peke yake, na waya wa kuziunganisha huuzwa peke yake tena, kwenye duka jingine, na si kila Jumapili. Hili nalo ningeliita lalamiko, kwa kuwa mimi nikiuza mkeka siwaambii watu pindo lake wakalitafute mjini Kobe. Ila sitaliita, kwa sababu lilinipa Jumapili mbili zaidi za kuwa na mume wangu ndani ya treni.

Nina neno pia juu ya lile jedwali lenu la alama. Nimelisoma mstari kwa mstari. Kuna alama za kasi, za ukimya, za uimara, za ukubwa wa ghala, hata za rangi ya kasha kulingana na samani. Hakuna alama za mke.

4. Sekunde tisa. Mashine ilifungwa siku ya Ijumaa. Tulikaa kama kawaida, yeye na kitufe chake, mimi na maharage yangu. Nilikuwa na habari nzuri sana niliyoitunza tangu asubuhi. Nikaanza: "Unajua leo Bi Kayano wa duka la tofu kagombana na..."

"Imeshaingia," alisema Tatsuzo, akaanza kazi.

Sekunde tisa, Ndugu Mhariri. Nimezipima kwa saa ya ukutani. Mtu hawezi hata kupiga chafya na kuomba radhi ndani ya sekunde tisa. Nilijaribu kwa moyo safi kuendana na maendeleo. Nikazikata habari zangu vipande vya sekunde tisa tisa, nikawa navitoa kila anapobadilisha disketi. Kifo cha paka wa shangazi yangu nilikisimulia kwa disketi nne. Ya kwanza paka alikuwa mzima, ya pili alipanda paa, ya tatu ilikuwa mbovu ikakataa kusomwa, kwa hiyo hapo kuna pengo, na ya nne tukazika. Tatsuzo aliniuliza kwa nini tumezika paka mzima. Nilianza kumweleza, lakini ikawa imeshaingia.

5. Milango miwili. Makala yenu, ukurasa wa saba, imesisitiza milango miwili, ili disketi moja ipate kunakiliwa kwenye nyingine, na mume wangu akawatii. Sasa kila Jumamosi anaweka moja juu na moja chini. Ya juu inasema krr-krr, ya chini inajibu krr. Ya juu inauliza tena, ya chini inafikiri kidogo, inajibu. Nimekaa nikazisikiliza dakika nyingi. Ndani ya nyumba hii, hao ndio wanandoa pekee wanaozungumza.

6. Kitambaa cha hariri. Alipomwahidi Bwana Minobe kwamba ataifunika, sikuuliza ataifunika kwa kitu gani. Ameifunika kwa kitambaa cha hariri cha zambarau alichoniachia mama yangu, ambacho mimi mwenyewe nimekitumia mara mbili, kwenye arusi ya Sanae na kwenye maziko ya baba mkwe. Mashine inalala ndani ya hariri. Mimi nalala ndani ya pamba.

Nakiri kwamba wiki iliyopita uvumilivu uliniishia. Nilifunua hariri, nikachota mkono mzima wa vumbi la nyasi kutoka karakana, nikalipulizia mlango wa juu, kisha wa chini, kwa haki. Jioni mashine ilikohoa mara moja, ikatema kipande cha unyasi, ikaendelea kusoma kwa sekunde tisa. Kwa uimara jedwali lenu liliipa alama nne kati ya tano. Naomba mrekebishe hapo. Inastahili tano.

Bi Kayano wa tofu, nilipomweleza haya yote dukani kwake, hakunihurumia hata kidogo. "Fukiko," alisema, "wewe una bahati. Umepata mwaka mzima na nusu wa maneno. Wangu hata kaseti hana. Niandike na mimi." Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakasikia. Kufikia Jumatano wake tisa wa mtaa huu walikuwa wamewaambia waume zao kwamba wanatamani sana kompyuta ya zamani, ya kaseti, na isiwe ya disketi hata kwa dawa. Nasikia fundi redio wa hapa karibu hana tena redio kaseti hata moja dukani. Kwa hiyo usiichukue barua hii kuwa ya mtu mmoja.

Kutokana na maelezo hayo, tunaomba kwa heshima zote:

(a) Makala ya Machi ifutwe, na mahali pake ichapwe nyingine yenye kichwa "Kuchagua Kaseti na Kubaki na Mume."

(b) Jedwali liongezwe mstari wa "Mazungumzo," na mashine yoyote isomayo chini ya dakika kumi ipewe sifuri.

(c) Watengenezaji waambiwe watengeneze mashine ya disketi inayosoma kwa dakika kumi na nane kamili, na siku za Jumapili dakika ishirini na tano, kwa sababu Jumapili mambo huwa mengi. Ilie kriiiii. Iwe ya kumhitaji mtu kushika kitufe, hata kama kitufe hakifanyi kazi yoyote.

(d) Mwanamume mwenye mke asiuziwe mashine ya disketi mpaka karatasi igongwe muhuri wa mke. Wangu nimeshauchonga upya, mkubwa zaidi.

(e) Maarusi wote wanaokwenda kujiandikisha ofisi ya kata wapewe na serikali kompyuta moja ya goigoi na kaseti tatu tupu.

(f) Ikiwa hayo yote yatashindikana, wewe mwenyewe uje Sakai. Tutakuweka pale ilipo mashine, tutakufunika hariri, na kila jioni mume wangu akikuuliza kipimo cha chumba utakaa kimya dakika kumi na nane kabla ya kumjibu. Chakula ni juu yangu. Biringanya zilitoka vizuri sana.

Nisalimie wafanyakazi wote wa jarida, na yule anayechora vile vibonzo vya kompyuta zenye miguu, mwambie nampenda, yeye hana kosa. Mwandishi wa makala ya Machi msalimie pia, ila kwa mbali. Na kwa mkeo, ikiwa bado anaikumbuka sauti yako, mfikishie salamu za wanawake kumi na mmoja wa mtaa wetu.

Ni mimi mwenye subira, lakini si nyingi,
Torigoe Fukiko

NYONGEZA, Juni 23. Ndugu Mhariri, barua hii ilichelewa kwa sababu niliiacha mezani nikaenda kununua stempu, na niliporudi Tatsuzo alikuwa ameisoma yote. Aliinuka, akaing'oa mashine ya disketi na nyaya zake, akaiingiza kabatini, akanirudishia hariri ya mama yangu ikiwa imekunjwa vizuri. Kisha akaleta redio kaseti, akaketi, akaniita niketi.

"Sikujua," alisema. "Basi tuzungumze."

Nililia, sikufichi. Halafu akaanza kuzungumza.

Leo ni siku ya tisa, hajanyamaza. Na unajua anazungumza nini? Mashine ya disketi. Alikuwa nayo yote moyoni, makala yenu nzima kurasa kumi na mbili, alikuwa hajapata pa kuyamwaga. Ameniambia kwamba disketi ina njia arobaini kila upande. Ameniambia kila njia imegawanywa vipande vingapi, na tukala tofu imepoa. Jumanne alichukua chapati zangu mbili za kabichi kutoka kwenye kikaango akanionyesha jinsi kichwa kinavyosoma juu na chini, na chapati zikaungua zote mbili, pande zote. Anazungumza chai ikiwa mdomoni. Amenifuata mpaka kwenye duka la tofu, akamweleza Bi Kayano faida ya milango miwili, na Bi Kayano akaniambia nikitoa jina lake kwenye barua atashukuru. Wale wengine tisa nao wamefuta majina yao. Waume watatu wameshaanza kuja kwetu jioni kumsikiliza, na wanauliza maswali.

Kwa hiyo nakuomba usichape barua hii. Na kama umeshaipanga, ondoa kila kitu kilicho kati ya salamu zangu na sahihi yangu. Mashine nimeirudisha mwenyewe mahali pake leo asubuhi, kadi na waya na vyote, nimeifunika hariri, na ikitaka kitambaa cha pili ninacho. Lakini nimegundua kwamba sekunde tisa ni nyingi mno, kuna mtu anaweza kusema mengi sana ndani yake. Je, kuna inayosoma kwa tano? Kwa tatu? Iwe na milango minne ikiwezekana. Nijibu kwa posta ya haraka. Nakuandikia nikiwa nimejifungia bafuni, na sasa hivi anagonga mlango, anauliza kama najua kwamba wanatengeneza ya upande wa tatu.